Theluji ya Kubebwa kwa Lori

Mwishoni mwa Desemba 2019 malori yaliingia katikati ya jiji la Moscow yakiwa yamesheheni theluji. Moscow, msikilizaji, si mji wa kuagiza theluji. Huo ndio mji ambao baridi yake iliwatesa askari wa Napoleon mwaka 1812 walipokuwa wakirudi nyuma, na ikawakwamisha wale wa Hitler mwaka 1941 walipokuwa wakiukaribia. Lakini safari hii sherehe za mwaka mpya zilikuwa mlangoni, wakuu wa jiji walitaka kilima cha theluji cha vijana kutelezea katika Mtaa wa Tverskaya, na mbinguni hakushuki kitu cha maana. Ikabidi barafu ikwanguliwe kwenye viwanja vya michezo ya kuteleza, ipakiwe, iletwe, imwagwe. Warusi hawakuiacha nafasi hiyo ipite. Mitandaoni walicheka mpaka wakachoka.

Tarehe 18 ya mwezi huo kipimajoto cha Moscow kilikuwa kimepita digrii 5 za Selsiasi, kiwango ambacho kwa tarehe hiyo hakikuwahi kuonekana tangu 1886. Katika bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Moscow, maua ambayo hungoja baridi imalizike yalianza kufunguka. Kwa msikilizaji wa Tanga digrii 5 ni za kugonganisha meno, na hata mtu wa Makete au Limuru angetafuta koti. Ila Desemba ya Moscow kwa kawaida hukaa chini ya sifuri usiku na mchana, na wenyeji wamepanga maisha yao kwa kuitegemea: nguo wanazonunua, namna wanavyopasha nyumba moto, michezo ya watoto, hata ngano ambayo hupandwa kabla ya baridi na kulala chini ya blanketi la theluji.

Haikuwa Moscow peke yake. Copernicus, idara ya Umoja wa Ulaya inayofuatilia tabianchi, ilipofunga hesabu za Desemba, Januari na Februari, ilikuta bara zima la Ulaya limepita wastani wa miaka ya 1981 hadi 2010 kwa digrii 3.4. Rekodi iliyotangulia, ya msimu wa 2015/16, iliachwa nyuma kwa karibu digrii 1.4. Wanaofuatilia mambo haya wanajua kwamba rekodi za joto huvunjwa kwa vipande vidogo vya digrii, sehemu moja ya kumi hapa, mbili pale. Kuivunja kwa zaidi ya digrii nzima, kwa bara zima, kwa miezi mitatu mfululizo, ni jambo la kumfanya mtaalamu arudie hesabu zake kuona kama hakukosea.

Helsinki, mji mkuu wa Ufini, Januari na Februari zilipita kawaida kwa zaidi ya digrii 6. Bahari ya Baltiki, ambayo kila mwaka hufunikwa na barafu kuanzia kaskazini kushuka kusini, ilifikia kilele chake cha kuganda tarehe 5 Machi 2020, na kilele chenyewe kilikuwa kilomita za mraba 37,000 tu, yaani kama sehemu moja ya kumi ya bahari hiyo. Watu wa Baltiki wana takwimu za barafu yao zinazorudi nyuma hadi 1720, kwa kuwa meli za biashara zilihitaji kujua lini njia itafunguka. Katika miaka yote hiyo 300, hakuna kilele kilichokuwa kidogo namna ile.

Wapenzi wa Safari Rally watakumbuka kwamba mashindano ya dunia ya magari yana mkondo mmoja wa theluji tupu, ule wa Uswidi, ambako matairi hupigiliwa misumari ili yaume barafu. Februari 2020 waandaaji walilazimika kufuta sehemu kadhaa za mbio kwa sababu barabara za msituni zilikuwa matope. Miaka miwili baadaye mashindano hayo yalihamishiwa Umeå, mbali zaidi kaskazini, kuifuata theluji. Na huko Ufaransa, katika milima ya Pyrenees, kituo cha Luchon-Superbagnères kilikodi helikopta iteremshe tani zipatazo 50 za theluji kutoka sehemu za juu, ili watoto wanaojifunza kuteleza wasikose darasa wakati wa likizo. Waziri wa mazingira wa Ufaransa wa wakati huo, Elisabeth Borne, alisema hadharani kwamba hiyo si njia. Mtu anaweza kumwelewa waziri, na papo hapo akamwelewa mwenye hoteli aliyeajiri wapishi, wahudumu na walimu kwa wiki chache ambazo ndizo mshahara wao wa mwaka.

Lakini kisa kinachoonyesha uzito wa msimu ule kuliko vyote kinatoka kwenye mashamba ya mizabibu ya Ujerumani. Huko hutengenezwa mvinyo uitwao Eiswein, yaani mvinyo wa barafu. Mkulima hachumi zabibu zake zote wakati wa mavuno kama wenzake. Huacha safu chache zikining'inia, amezifunika wavu zisiliwe na ndege, akangoja. Anachokingoja ni usiku mmoja tu wa digrii 7 chini ya sifuri. Usiku huo ukifika, simu hulia alfajiri ya mapema, jamaa na majirani hutoka na taa za kichwani na glavu nene, wakachuma vichala vilivyoganda, na kabla jua halijachomoza zabibu ziko kwenye shinikizo zikiwa bado barafu. Maji hubaki ndani yameganda. Kinachodondoka ni maji machache ya zabibu, mazito, matamu mno, na ndiyo maana chupa ndogo ya mvinyo huo huuzwa kwa bei ya kutisha. Sheria haina mzaha: kama zabibu hazikugandia mtini, mvinyo huo hauruhusiwi kubeba jina hilo.

Msimu wa 2019/20 usiku ule haukuja. Ujerumani ina maeneo 13 ya mizabibu, tangu Mosel hadi Saxony, na mwanzoni mwa Machi 2020 Taasisi ya Mvinyo ya Ujerumani ilitangaza kwamba hakuna hata moja lililofanikiwa kuvuna. Haikuwahi kutokea nchi nzima ikakosa, na mvinyo huo umetengenezwa huko tangu karne ya 19. Zabibu zilizokuwa zikingoja ziliozea mtini.

Watu walipouliza kulikoni, majibu yalikuja kwa makundi mawili, na kila kundi lilikuwa na haraka zake. La kwanza lilisema ni mabadiliko ya tabianchi, mjadala umefungwa. La pili lilisema hali ya hewa imekuwa ikigeuka tangu enzi za mababu, kuna miaka ya baridi na miaka ya vuguvugu, hakuna jipya. Makundi yote mawili yaliruka hatua muhimu. Kabla ya kuuliza nani mwenye kosa, inabidi kuangalia hewa yenyewe ilifanya nini.

Baridi ya Ulaya huamuliwa kwa kiasi kikubwa na upepo unatoka wapi. Ukitoka bara, upande wa Siberia, watu huganda. Ukitoka Bahari ya Atlantiki, unakuja na uvuguvugu na mvua. Nao upepo huo hufuata tofauti ya mgandamizo wa hewa kati ya maeneo mawili: karibu na Iceland mgandamizo huwa mdogo, karibu na visiwa vya Azores huwa mkubwa. Tofauti hiyo ikipanuka, upepo wa magharibi hukaza na kusukuma uvuguvugu wa bahari hadi ndani kabisa ya Urusi. Ikipungua, mlango wa Siberia hufunguka. Msimu ule tofauti ilipanuka kupita kiasi, ikabaki hivyo wiki baada ya wiki.

Juu zaidi, katika tabaka la stratosfia, kuanzia kilomita kama 10 kwenda juu, kulikuwa na jambo jingine. Kila baridi, jua linapoiacha Ncha ya Kaskazini gizani kwa miezi, hewa ya huko hupoa sana na kuzungukwa na upepo mkali unaokwenda toka magharibi kwenda mashariki. Mzunguko huo ukilegea, baridi humwagika kusini, ikawafikia watu wa Berlin na Chicago. Ukikaza, baridi hufungiwa huko huko. Mwanzoni mwa 2020 ulikaza vibaya. Kipimo ambacho wataalamu hutumia kueleza hali ya mgandamizo wa hewa kuizunguka Ncha ya Kaskazini kilipanda tarehe 10 Februari hadi 6.3, namba ya juu kuliko zote tangu hesabu za kila siku zianze mwaka 1950. Baridi haikuwa imetoweka duniani. Alaska iliipata Januari ile, kali kweli kweli, wakati Warusi wanapishana na madimbwi.

Upepo wenyewe ulionekana kwa macho. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari ndege ya British Airways, Boeing 747, iliondoka New York ikatua London baada ya saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa 6. Upepo wa juu uliisukuma kutoka nyuma mpaka mwendo wake juu ya ardhi ukapita kilomita 1,300 kwa saa. Abiria walifurahi kuwahi. Walioko chini hawakuwa na cha kufurahia: upepo huo huo ulileta dhoruba iliyopewa jina Ciara, wiki moja baadaye ikaja Dennis, na Februari ile ikawa Februari yenye mvua nyingi kuliko zote Uingereza tangu vipimo vianze. Mito ilifurika kutoka Wales hadi Yorkshire. Ukikosa theluji, msikilizaji, maji hayapotei. Huja kwa sura nyingine. Na kule juu, ubaridi uliofungiwa ulisababisha kemikali zile kuukuu za majokofu kuitafuna ozoni ya Ncha ya Kaskazini kwa kiwango ambacho hakijawahi kupimwa upande huo wa dunia, mpaka mzunguko ulipovunjika mwishoni mwa Aprili.

Basi upepo ulikaza. Ila kwa nini ulikaza mwaka ule na si mwaka mwingine? Hapa ndipo habari ya Ulaya inapotia nanga pwani ya Afrika Mashariki.

Katika vuli ya 2019, Bahari ya Hindi ilikuwa imeelemea upande mmoja. Maji ya magharibi, yanayotazamana na Somalia, Kenya na Tanzania, yalipata joto kupita kawaida. Ya mashariki, karibu na Sumatra, yakapoa. Wataalamu huiita hali hii daipoli ya Bahari ya Hindi. Ilielezwa rasmi mwaka 1999 na kundi la watafiti wa India na Japani akiwemo Toshio Yamagata, lakini ni ya zamani kuliko jina lake. Ukitazama nyuma unaikuta 1961, mwaka wa mafuriko ambayo wazee wa Kenya na Tanganyika waliyahusisha na Uhuru, na unaikuta 1997. Ile ya 2019 ilikuwa miongoni mwa kali zaidi kuwahi kupimwa.

Matokeo yake huku hayahitaji kuhadithiwa sana, maana wengi wa wanaosikiliza waliyapitia. Mkoani Tanga barabara zilikatika Oktoba. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba milima ya West Pokot iliporomoka juu ya vijiji watu wakiwa wamelala, wakafa zaidi ya 50. Umoja wa Mataifa ulihesabu watu zaidi ya milioni 2 walioathiriwa na mafuriko katika ukanda huu. Maji yaliyoingia Ziwa Victoria yaliendelea kupanda hadi Mei 2020, kipimo cha Jinja kilipofika mita 13.42 na kupita kwa sentimita moja rekodi iliyowekwa mwaka 1964 baada ya mvua zile za Uhuru. Mialo ilimezwa, nyumba za kulala wageni zikawa visiwa, na mwezi Aprili kisiwa cha magugu na udongo kilichomeguka ufukweni kilielea hadi bwawa la Nalubaale kikaizima Uganda nzima umeme. Nao nzige wa jangwani, waliozaliana kwa wingi katika ardhi iliyolowa, walivuka mpaka wakaingia Mandera tarehe 28 Desemba 2019. Hiyo ni wiki ile ile ya malori ya theluji ya Moscow.

Je, mambo haya yanahusiana kwa kalenda tu? Hapana. Watafiti wa Idara ya Hali ya Hewa ya Uingereza, wakiongozwa na Steven Hardiman, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi wa jinsi utabiri wao wa msimu ulivyofanya kazi. Kompyuta zao hazitoi jibu moja. Huendesha mfano wa dunia mara nyingi, kila mara kwa tofauti ndogo ya kuanzia, halafu hutazama majibu mengi yanaelekea wapi. Mwezi Novemba 2019 majibu yalielekea wazi kwenye baridi ya vuguvugu. Walipoyapanga upya, waligundua kwamba yale ambayo Bahari ya Hindi ilikuwa imeelemea zaidi ndiyo yaliyotoa upepo wa magharibi mkali zaidi Ulaya. Yale ambayo bahari ilikuwa imetulia, upepo nao ulikuwa wa kawaida.

Namna inavyotokea si ya kimiujiza. Maji yenye joto hupasha moto hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo hupanda ikiwa imejaa mvuke, mvuke hugeuka mvua, na mvua inapotengenezwa huachia joto kubwa kilomita nyingi juu ya ardhi. Joto hilo linatikisa hewa ya juu, na mtikisiko husafiri kwa mawimbi mapana hadi sehemu za mbali za dunia. Mengine yalipita kwenye tabaka la chini la hewa hadi Atlantiki ya Kaskazini na kuongeza ile tofauti ya Iceland na Azores. Mengine yalipunguza misukosuko ambayo kwa kawaida hupanda kwenda stratosfia kuuchokoza mzunguko wa Ncha, nao mzunguko ukaachwa ujikaze upendavyo. Kwa maneno mengine, mawingu yaliyoinyeshea Tanga na Pokot yalikuwa na mkono katika kuwanyima Wajerumani usiku wao mmoja wa kuganda.

Hili ni jambo ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha. Tumezoea kuambiwa kwamba hali ya hewa ya Afrika huamuliwa mbali: El Nino ya Pasifiki, kimbunga cha Msumbiji, kipupwe kinachotoka kusini. Mara chache mtu husema kwamba bahari anayovua mvuvi wa Pemba inaweza kugeuza baridi ya Stockholm.

Sasa, tukirudi kwa wale wa tabianchi na wale wa mababu. Kundi la pili lina haki kiasi hiki: upepo hugeuka. Baridi iliyofuata, ya 2020/21, ilithibitisha hivyo bila huruma. Januari 2021 dhoruba ya Filomena iliimwagia Madrid theluji ya karibu nusu mita, watu wakateleza kwa mbao katikati ya barabara kuu, na mwezi uliofuata Akropoli ya Athens ikawa nyeupe. Mtu aliyekuwa ametabiri mwisho wa theluji Ulaya alipaswa kukaa kimya kidogo.

Lakini upepo peke yake haufiki digrii 3.4. Ulaya imewahi kupata majira ya upepo mkali wa magharibi, kwa mfano baridi ya 1989 na ya 1990, na joto lake halikupanda namna ile. Kilichoongezeka tangu hapo ni msingi wenyewe. Mwaka 2019 hewa ilikuwa na hewa ukaa chembe zipatazo 410 katika kila milioni, wakati kabla ya viwanda zilikuwa kama 280. Dunia nzima ilikuwa imeshapata joto la digrii 1.1 hivi juu ya enzi hizo, na Ulaya imekuwa ikipata joto kwa kasi ya mara mbili ya wastani wa dunia tangu miaka ya 1980. Mtu wa pwani anaielewa hesabu hii upesi: wimbi ni la upepo, lakini wimbi lile lile ambalo wakati wa kupwa lingeishia mchangani, maji yakijaa linafika barazani.

Ushahidi mwingine ulijitokeza miezi michache baadaye. Uvuguvugu wa baridi ile haukuishia Machi. Huko Siberia uliendelea hadi kiangazi. Tarehe 20 Juni 2020 mji wa Verkhoyansk, unaojulikana kwa baridi ya digrii 60 na zaidi chini ya sifuri, ulipima digrii 38, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani baadaye likaithibitisha kuwa rekodi ya eneo lote la Aktiki. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walipolinganisha dunia ya leo na dunia isiyo na gesijoto za binadamu, walikuta kwamba joto la Siberia la nusu ya kwanza ya 2020 limefanywa na gesi hizo kuwa na uwezekano mkubwa mara 600 na zaidi. Katika dunia ile nyingine, joto hilo lisingetokea kabisa ila kwa nadra isiyo na maana ya kuhesabu.

Haifai kujifanya kwamba kila mtu aliumia. Bili za gesi zilipungua. Ufaransa na Ujerumani zilichoma mafuta na makaa machache, na mzee anayeishi peke yake kwenye chumba cha juu hakulazimika kuchagua kati ya moto na chakula. Mhamiaji kutoka Bukavu au Mombasa anayefanya kazi za kusambaza vifurushi kwa baiskeli jijini Brussels hawezi kulaumiwa akishukuru. Hasara ya baridi ya vuguvugu huja kwa kuchelewa na kwa mlango wa nyuma. Wadudu ambao wangekufa kwa baridi hubaki hai. Miti ya matunda hudanganyika, ikachanua mapema, halafu siku chache za baridi ya kuchelewa zikaiunguza. Ndivyo ilivyokuwa Ufaransa Aprili 2021, baada ya Machi ya joto, mashamba ya mizabibu yakawashiwa mishumaa mikubwa usiku kucha kuokoa machipukizi, na mengi hayakuokoka.

Na mtindo umejirudia. Siku ya kwanza ya Januari 2023 Warsaw ilipima digrii 18.9, joto la Arusha siku ya mawingu. Mwishoni mwa mwaka huo Bahari ya Hindi ilielemea tena magharibi, safari hii El Nino ikiwa pamoja nayo. Novemba mafuriko yaliikumba Somalia na kaskazini mwa Kenya; tarehe 3 Desemba tope la Mlima Hanang liliifukia Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Huko Ulaya, baridi ya 2023/24 ikawa, kwa wakati huo, ya pili kwa joto katika takwimu za Copernicus. El Nino ikiwa jikoni haiwezekani kuibebesha Bahari ya Hindi sifa zote, lakini jozi hiyo ya matukio imewafanya watabiri wa Ulaya waitazame pwani yetu kwa makini kuliko zamani.

Tatizo ni kwamba sehemu ya bahari inayotakiwa kutazamwa ndiyo yenye vipimo vichache. Mwaka 2004 Marekani, India, Japani, Indonesia na nchi nyingine zilianza kujenga mtandao wa maboya ya kupimia, uitwao RAMA, yaliyotiwa nanga katikati ya Bahari ya Hindi na kutuma kwa setilaiti joto la maji, chumvi na upepo. Mpango ulikuwa yasambae bahari nzima. Uharamia wa Somalia ulipopamba moto, meli za utafiti zilikwepa upande wa kaskazini magharibi, na nafasi zilizokusudiwa huko zikabaki tupu kwa miaka mingi. Mengine yaliharibiwa na meli za uvuvi, kwa kuwa samaki hukusanyika chini ya boya na manahodha huona ni rahisi kujifunga hapo hapo na kutupa nyavu.

Mamlaka za hali ya hewa za Tanzania na Kenya hutoa mwelekeo wa vuli kila mwaka kabla msimu haujaanza, na hali ya Bahari ya Hindi huwa ni moja ya mambo ya kwanza kutajwa. Utabiri huo hauwezi kuwa mzuri kuliko vipimo vinavyoulisha. Nairobi, Dodoma na Mogadishu zina haki ya kudai maboya zaidi katika maji yanayowatazama, na zina wajibu wa kuchangia meli za kuyahudumia. Nazo nchi za Ulaya, ambazo sasa zinajua baridi yao inapikwa wapi, zilipe sehemu yao. Manahodha wa jodari wanaosikiliza redio wakiwa baharini, wayaache maboya hayo yafanye kazi yake.